Imekatika au Amekata?

Jumatatu, 3 Machi
Seva yangu imeanza kazi! Programu yake nimeiandika mwenyewe, nyepesi kama unyoya, inakaa kwenye kompyuta kuukuu chini ya kitanda hapa Kinyerezi. Watu wanapakua video za harusi nilizopiga. Sababu ya kweli ni Tekla. Tangu arudi kwao Newala kufundisha, hapokei simu zangu. Nimejirekodi saa nzima nikimwomba turudiane, nikamtumia kiungo. Jioni akakifungua! Video ilipofika robo, seva ikaandika: imekatika. Kisha ikazima kabisa. Mtu mmoja akiondoka, inazimia. Imenirithi mimi mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeitibu kuzimia. Pia nimeifundisha kuendelea pale mtu alipoishia. Tekla akafungua tena. Imekatika. Maskini mpenzi wangu, anavyohangaika na mtandao wa huko kwa ajili yangu! Nimelia kidogo, kisha nikala chipsi.

Alhamisi, 6 Machi
Ujanja mpya: ikikatika, seva isimwachie Tekla. Imngoje, mlango wazi, hata mpaka kesho. Tatizo, seva yangu huhudumia mtu mmoja mmoja; ikimngoja yeye, wengine wote wanasubiri. Hilo sikulifikiria. Bi Wahiba, mama mwenye nyumba, alitaka kuwaonyesha wageni wake harusi ya bintiye Yumna. Kaduara ka kusubiri kakazunguka kwenye simu yake mpaka wageni wakaaga. Akaja kunigongea. Nikampa shikamoo, hakuitikia! Akauliza kwani harusi ya mwanawe inangoja mapenzi yangu yapate mtandao. Kumbe alinisikia nikirekodi. Kuta za nyumba hii hazina siri.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwita Rogers wa Sinza, anayejifanya bingwa wa seva. Akanywa soda yangu, akacheka. Akasema braza, mteja akiondoka mwachie, funga, hudumia mwingine. Tena akadai kosa langu ni la Kiswahili, si la kompyuta: programu inaandika "imekatika" kwa kila jambo. Mtandao ukipotea, simu ya mteja inakuwa kimya tu, haisemi kitu. Hiyo ndiyo imekatika. Lakini mtu akibonyeza kusitisha, simu yake inaiaga seva kabla ya kuondoka. Huyo amekata. Akaitengenezea seva maneno yote mawili, akaenda zake. Wivu tu.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa Tekla amefungua! Mtandao wa Newala mzima kuliko wangu. Video ikashuka vizuri huku akiitazama, mpaka pale ninaposema kanga yake bado naitandika kitandani. Seva ikaandika: amekata.

Nikakaa sakafuni. Nimemkumbuka, jamani. Nakumbuka anavyofunika mdomo akicheka. Nakumbuka hata alivyokuwa akinigombeza kwa kuchelewa. Chumba hiki kimekuwa kikubwa mno.

Jioni ukaja ujumbe wake wa kwanza tangu aondoke. Ameandika kwamba mara zote alikata yeye mwenyewe. Ananitakia heri. Ananiomba nimwache apumzike.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeusoma ujumbe ule usiku kucha na sasa nimeelewa. Apumzike! Nani asiyechoka na video ya saa nzima? Nimelifuta neno la Rogers. Kuanzia leo Tekla akikata, seva itaandika "amepumzika", na itamngoja, mlango wazi. Wakati anapumzika, mimi narekodi sehemu ya pili. Bi Wahiba anagonga ukuta. Agonge tu.