Setilaiti Namba 14 na Nyumba ya Mzee Osea

Jumatatu, 1 Juni 2009. Nanyala.
Yule Mzambia aliyeniuzia kule Tunduma hakunidanganya. Kimashine chake cha GPS kinaenea kiganjani, na setilaiti zote za angani zinajipanga kwenye kioo, kila moja na namba yake. Burudani kuliko mpira! Ila nina jambo. Kila nikifika kwa mzee Osea, nikasimama chini ya miti yake mikubwa ya kivuli, namba 14 inapotea. Nikirudi barabarani, hii hapa. Mzee ana dishi la televisheni juu ya bati. Analilisha nini lile dishi? Na huyu ndiye baba yake Elina wangu! Mshenga wangu, Luhende, anapeleka barua ya posa Jumamosi. Siwezi kuoa kwa mwizi nikiwa nimefumba macho.

Jumanne, 2 Juni.
Uchunguzi. Nimeizunguka nyumba, kimashine juu ya kichwa. Mama Elina akatoka mbio kunikaribisha chai na mayai. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni mambo ya barabara, maana nyumba zilizosogelea lami hupigwa X nyekundu, halafu linakuja tingatinga. Nikamjibu siruhusiwi kusema. Asiye na hatia anikaangie mayai ya nini?

Alhamisi, 4 Juni.
Mzee Osea mwenyewe kaja na jogoo! Ananiita mkwe hata barua haijafika. Anaomba, kama inawezekana, mstari usogee upande wa pili, kwa Sadock. Nikamwambia mimi nafuatilia setilaiti tu. Akacheka, akanikonyeza. Kumbe anajua! Jogoo nimempokea kama kielelezo. Kielelezo kilikuwa kitamu.

Ijumaa, 5 Juni, jioni.
Wakiwa wote shambani wanachuma kahawa, nimekwenda na kopo la rangi. Pale hasa namba 14 inapopotelea, nimeweka alama ukutani nisije nikapakosea. X kubwa. Nyekundu, maana dukani hakukuwa na nyingine.

Jumamosi, 6 Juni.
Vilio kwa mzee Osea tangu asubuhi. Vitanda nje, bati zinashushwa kabla tingatinga halijafika, dishi limelazwa kwenye majani. Miti yote imekatwa, eti bora waambulie mbao. Nikapita na kimashine. Namba 14, hii hapa! Dishi limeshuka tu, setilaiti imerudi! Nikashangilia kwa nguvu. Elina akanisikia, akaja kuniuliza ile X nimetumwa na nani. Nikamweleza yote, tangu mwanzo.

Jumapili, 7 Juni.
Luhende karudisha barua, haijafunguliwa. Elina kasema hataki kuniona hata kanisani. Nimeumia sana. Lakini hata mara moja hakuuliza habari za namba 14! Nimefikiri upya. Sadock naye ana binti, Nesta, mpole. Kwao hakuna mti, hakuna dishi. Nimepita leo na kimashine: setilaiti zote zipo, hata ambazo sijawahi kuziona.

Kwa nini zijae kwa Sadock tu? Anazivuta na nini? Kesho naanzia ukuta wa jikoni.