Mamothi wa Uani

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote, isipokuwa kutoamini watu. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limejaa kidevuni, kinyozi amesimamisha wembe anasoma gazeti kwa sauti: waliokuwa wakichimba msingi wa ghala huko nchi za baridi wamekuta mifupa na meno ya mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya marefu, aliyetoweka duniani maelfu ya miaka iliyopita.

"Sasa mwenye kiwanja anapewa ngapi?" akauliza mteja mmoja.

Hakuna aliyeuliza mnyama alikufa kwa nini. Profesa akafumba macho kwa raha. Mtaa ulikuwa umeiva.

Kesho yake alizuka na koti jeupe, kofia ya ujenzi na kipande cha nondo alichokifunga kwenye redio mbovu. Nondo ikigusa ardhi, redio inakoroma. "Mnasikia? Yumo!" Kisha anatoza ada ya uchunguzi na kuandika cheti chenye mihuri mitatu, mmoja wa chama cha mpira kilichokwisha vunjika. Watu walipanga foleni. Muuza nyama alilipa mara mbili, halafu akamvuta pembeni.

"Profesa, nyama yake haijaoza?"

"Imekauka tu."

"Basi usimwambie mtu. Nitaichanganya."

Siku ya tatu akafika kwa mjane mmoja, bibi mwenye nyumba ya vyumba sita na miwani iliyofungwa kwa uzi. Redio ikakoroma hadi kuku wakakimbia. Bibi hakushtuka.

"Najua yumo, mwanangu. Marehemu mume wangu alichimba pale uani akatoa hiki."

Akafunua kitambaa. Jino, kubwa kama tofali, lina matuta kama soli ya buti! Profesa alikuwa amezikariri picha za meno hayo. Tapeli akiona kitu cha kweli hupagawa kuliko mshamba, maana hajazoea.

"Hili si kitu, mama. La punda."

"Basi niache nisugulie miguu."

"Hapana! Yaani... niruhusu nichimbe. Kwa ajili ya elimu."

"Elimu ni jambo jema. Ila tuandikiane."

Waliandikiana mbele ya wapangaji wawili: atachimba futi kumi na tano, pale bibi atakapomwonyesha, atamlipa bibi fidia ya usumbufu, ambayo ilimeza ada zote za mtaani, na kila kitakachotoka shimoni ni chake yeye mchimbaji. Profesa akatia saini mbio mbio, bibi asije akazinduka.

Kibarua hakuajiri, asije akaibiwa. Siku tisa alichimba peke yake. Malengelenge yalipasuka, yakaota mengine. Bibi alimteremshia maji kwa kamba na kumtia moyo: "Nyoosha kuta, mwanangu, usimkwaruze mnyama." Akanyoosha.

Kwenye futi ya kumi na tano alipata mzizi na nusu ya kandambili. Alipopanda ngazi, alikuta mwashi na wapangaji wamebeba slabu ya zege yenye tundu katikati.

"Nini hii?"

"Choo," akajibu bibi. "Cha zamani kimejaa tangu mwaka juzi, na wachimbaji hawashikiki kwa bei."

"Na lile jino?"

"Plasta ya jasi. Mdogo wangu hutengeneza meno ya bandia. Uliposhinda kwa muuza nyama, nilimpelekea picha ya gazeti, nikamwambia anifinyangie moja, kubwa kidogo."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda, na usisahau vyeti vyako. Lakini tuliandikiana kwamba kilichotoka shimoni ni chako." Akanyoosha kidole kwenye kilima cha udongo. "Uuondoe kabla ya mvua."

Profesa alibisha, akaapa, akalia kabisa. Hakuna aliyesimamisha kazi. Kufikia adhuhuri slabu imekaa, mabati yamesimama, mlango una komeo. Bibi akakata utepe wa gauni kuukuu, wapangaji wakapiga makofi.

"Mgeni rasmi ni wewe, mwanangu. Tuzindulie."

Profesa alifungua kinywa amtukane. Lakini tumbo lililokuwa likisokoteka kwa hasira tangu asubuhi halikungoja hotuba. Akaingia, akatia komeo, na nje wakampigia vigelegele.