Madai ya Kurudishiwa Ugomvi Wangu

Kwako Mama Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, nayo sauti yako ikiwa imepumzika kidogo tangu tulipoagana. Mimi ni yule mzee wa chumba namba kumi na nne, mwenye kofia ya kahawia, niliyekaa katika hoteli yenu ya kiimani kuanzia Alhamisi hadi Jumapili kwa ajili ya arusi ya mpwa wangu. Nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo sikupata kumlalamikia mtu bila ushahidi. Naandika kwa heshima kudai mali yangu iliyoharibika nikiwa chini ya paa lenu. Mali yenyewe ni ugomvi.

Ili unielewe, yakupasa kwanza uujue. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilimwazima mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu, ngazi ya mbao niliyoipaka rangi ya kijani kwa mkono wangu. Ilikuwa na vidato kumi na kimoja. Aliporudisha, nilihesabu vidato kumi. Nikamwuliza kidato kiko wapi. Akajibu, “Kaka, mimi ngazi niliipanda, sikuila.” Tangu jibu hilo hatukusemezana tena. Sikumpigia kelele wala sikumsengenya. Nilinyamaza kwa utaratibu. Nikienda sokoni nilizungukia kwa fundi cherehani ili nisipite mbele ya geti lake, na katika kila kikao cha ukoo viti vilipangwa kwa kuzingatia hali yetu. Ulikuwa ugomvi safi, usio na matusi, na kila mtu aliujua. Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Chumba. Dada yetu, mama wa bibi arusi, ndiye aliyetuandikisha. Nilipofika, binti wa mapokezi alifurahi kama aliyeona mwezi, akaniambia, “Karibu baba, mwenzio keshafika.” Mwenzangu! Nilipanda ghorofa ya pili nikamkuta mdogo wangu amekaa kitandani, anavua soksi. Kumbe dada aliomba chumba kimoja chenye vitanda viwili, na vyumba vingine vyote vilikuwa vimejaa wauguzi wastaafu waliokuja kwenye semina ya maombi. Sikatai kwamba shuka zilikuwa safi, na kwamba bahari ilionekana dirishani ukisimama juu ya kiti. Kosa ni kwamba chumba kina feni moja na swichi moja. Watu wasiosemezana huhitaji swichi mbili. Niliiweka feni namba moja. Yeye akapita kama anayekwenda kunawa, akaiweka namba tatu. Nikainuka nikairudisha. Baada ya safari sita feni ilibaki namba mbili, wala hapakuwa na aliyetamka neno. Huo, Mama Meneja, ulikuwa mwanzo wa mapatano, nami nilipaswa kuutambua papo hapo.

2. Daftari. Nilishuka kuomba kitabu cha malalamiko, kama ilivyo haki ya mgeni. Binti akanisogezea lile daftari lenu nene la maombi, akasema, “Baba, hapa kwetu yote huandikwa humo humo, na yote hushughulikiwa.” Nikaandika kwa ufupi, kama nilivyozoea kazini: “Chumba 14. Maji ya moto hayatoki. Feni inalia. Ndugu yangu yumo chumbani.” Hakuna aliyenieleza kwamba kila asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, wewe husimama kati ya birika la chai na sinia la mkate ukalisoma daftari hilo kwa sauti inayofika kwenye maegesho. Wauguzi arobaini walifumba macho kwa ajili yangu. Mmoja alilia. Mdogo wangu alikuwa meza ya pili, ameshika yai la kuchemsha, nalo lilibaki hewani mpaka mliposema amina.

Saa tatu fundi bomba akaja, maji ya moto yakatoka. Saa nne feni ikaacha kulia. Kuhusu hayo sina lalamiko. Lakini mtu aliyezoea hesabu huona mapema hatari inakotokea: kati ya mambo matatu niliyoyaandika, mawili yalikuwa yamekwisha kutengenezwa, na siku ilikuwa bado changa.

3. Wafanyakazi. Mpishi wenu wa mayai alikaanga mayai manne, akayaweka katika sahani moja yenye vijiko viwili, akanikabidhi na kusema, “Mzee, sahani zimekwisha.” Nyuma yake nilihesabu sahani sitini na mbili. Mama anayesafisha vyumba naye alizikunja taulo zetu mfano wa mabata wawili, mmoja juu ya kila kitanda, wakitazamana. Nikamgeuza bata wangu atazame ukuta. Nilipotoka bafuni nikakuta bata wa mdogo wangu amegeuzwa pia, anautazama ukuta ule ule. Wakawa mabata wawili wanaotazama upande mmoja, kama waliokwisha kukubaliana jambo. Sikuwa na la kufanya. Mtu wa umri wangu hawezi kuendelea kushindana kwa mabata.

4. Kibao. Hili ndilo zito kuliko yote. Mlangoni mmeandika kwamba bahari iko umbali wa hatua mia mbili. Ijumaa alasiri nilitoka kwenda kuhakiki. Nilipata hatua mia tatu arobaini na moja. Mdogo wangu alikuwa akija nyuma, kwa kuwa njia ni ya watu wote. Nilipofika mchangani nikaitamka hesabu yangu, kwa nafsi yangu tu, nikasikia nyuma yangu, “Mia tatu thelathini na nane.”

Mama Meneja, salamu ningeistahimili. Hata kuombwa radhi ningekustahimili. Lakini kipimo kisicho sahihi sijapata kukiacha kipite. Nikageuka, nikamwuliza ameanzia wapi. “Mlangoni.” Nikamwuliza mlango upi, wa kioo au wa geti. “Wa kioo. Kaka, wewe umelizunguka dimbwi, ndizo hatua zako tatu hizo.” Ikabidi turudi. Tukahesabu pamoja, kwa sauti, bega kwa bega, mbele ya watu waliokuja kuota jua. Mara ya kwanza tulipata mia tatu thelathini na tisa. Mara ya pili alikohoa njiani, nikakataa matokeo. Tulikwenda na kurudi mara tano. Mara ya tano tulikuwa tumevua viatu, na tulipofika majini hakuna aliyekumbuka hesabu, kwa sababu alikuwa akinikumbusha jinsi mama alivyotupima urefu kwa mpini wa ufagio, nami nilivyosimama kwa ncha za vidole ili nimzidi. Kibao chenu kingesema kweli, nisingetoka kwenda kukihakiki, na leo hii ningekuwa na ugomvi wangu kamili.

5. Picha. Jumamosi asubuhi ulitangaza shukrani. Wauguzi wakapiga vigelegele, mpishi akagonga kikaango kwa mwiko, na mtu akatupiga picha. Jumapili nilipokuwa nikirudisha ufunguo nikaikuta imebandikwa ukutani, kwenye safu ya maombi yaliyojibiwa, kati ya mama mmoja aliyefaulu mtihani wa udereva na bwana mmoja aliyepona goti. Katika picha hiyo ninacheka mpaka magego yanaonekana. Sikutoa idhini ya magego.

Madhara ni makubwa. Mke wangu hajui tena apange viti vipi. Kinyozi wangu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hufungua mazungumzo kwa kuniuliza habari za ngazi, juzi alininyoa kimya kimya kama mgeni, nami nilitoka nimepungukiwa nywele na heshima. Nikienda sokoni miguu bado inazungukia kwa fundi cherehani, na huyo ananiuliza kuna nini tena. Mdogo wangu hunipigia simu kila siku baada ya chakula cha mchana. Hana la kusema. Anapiga tu. Na kidato changu, Mama Meneja, hakijapatikana! Mmesuluhisha shauri bila kusikiliza ushahidi.

Kwa hiyo nadai, kwanza, picha iondolewe au iwekwe nyingine ambayo nimefunga mdomo. Pili, kibao kirekebishwe kisomeke hatua mia tatu thelathini na tisa. Tatu, usimame pale pale kati ya birika na mkate, kwa sauti ile ile, uombe sala ile itenguliwe kwa upande wa kipengele cha tatu cha daftari tu, maji na feni vikibaki kama vilivyo. Nne, umwandikie mdogo wangu barua yenye mhuri, ukimweleza kwamba alipatanishwa kwa makosa ya hoteli, na kwamba anatakiwa anyamaze hadi atakapotaja kidato kilipo.

Nisalimie binti wa mapokezi, fundi bomba, mpishi na sahani zake zote sitini na mbili, wauguzi endapo watarudi, na yule mama wa mabata, ambaye kwa kweli ana mikono ya ustadi.

Ni mimi, kwa heshima na bila kicheko,
Mzee wa Chumba Namba 14

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari imo katika bahasha nilipokwenda kutundika suti niliyoivaa arusini. Fito ya kabati langu, ambayo nimeitundikia suti hiyo miaka yote hii, ina rangi ya kijani. Niliitoa, nikaipeleka uani, nikaipachika kwenye ngazi. Imekaa kama jino. Mke wangu anasema niliing'oa ngazini mwenyewe, wiki moja kabla ya kuiazimisha ngazi, siku fito ya zamani ilipovunjika kwa uzito wa makoti. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba alidhani tuligombana kwa jambo jingine.

Madai yote yaliyotajwa hapo juu nayafuta, isipokuwa lile la kibao. Picha iache. Badala yake naomba uniandikie katika daftari maneno haya, uyasome kwa sauti yako yote: “Nyumbani. Maji ya moto yanatoka. Feni haina tatizo. Ndugu yangu bado hajui.” Tafadhali yasomwe kabla ya Jumamosi. Jumamosi anakuja kuazima ngazi.