Fundi wa Kinga na Kiraka cha Tatu

Katika Goma yote ya mwaka 1956, kuanzia ziwani mpaka Ndosho, hapakuwa na tundu lililoweza kumshinda Ndagijimana! Hivyo ndivyo alivyosema Ndagijimana mwenyewe, na kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa, wengi waliamini.

Alikuwa fundi wa baiskeli pale Mapendo. Na baiskeli, kwa watu wa Goma, ni kinga. Basi akajiita Fundi wa Kinga, jina lililokuja kumletea balaa, maana kuna kinga ya kupanda na kuna kinga ya kujikinga.

Chanzo kilikuwa mkewe, Mukakalisa. Alikuwa amezaa watoto sita kwa miaka saba, wa kwanza akiwa Hitimana. Siku kitinda mimba alipoanza kutambaa, mama huyo alimtandikia mumewe mkeka katikati ya matairi mabovu.

“Papa Hitimana, utalala hapa na kinga zako. Miye nimechoka! Tumbo langu si lori la kupakia watu kila kituo.”

“Mpaka lini, Mama Hitimana?”

“Mpaka utafute dawa.”

Ndagijimana alikonda siku tatu. Siku ya nne akapita Barthélemy, dereva wa lori la Bukavu, akachomoa kikopo cha bati mfukoni mwake, akampa. Ndani mlikuwa na mpira mmoja wa Kizungu, mmoja tu, laini kama ngozi ya yai.

“Unavaa wewe, si muke,” Barthélemy alinong’ona. “Mutoto hapiti. Ukimaliza, unatupa.”

“Kutupa mpira!” Ndagijimana alicheka nusura avunjike mbavu. “Unajua unasema na nani?”

Hakuutupa. Aliuosha kwa sabuni, akauanika juu ya usukani, akaupaka poda. Mwezi wa pili ulitoboka. Fundi akausugua kwa msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka. Mwezi wa tatu, kiraka cha pili. Mwezi wa nne, cha tatu!

“Hii kitu iko na viraka kama kaptura ya mutoto wa shule,” Mukakalisa alisema. “Itaweza kweli?”

“Garanti!” fundi alijibu, kama alivyowaahidi wateja wake wote.

Asubuhi moja Védaste, katekista wa parokia, alikuja kuchukua kinga yake. Akamkuta fundi ameinamia beseni la maji baridi, ameuzamisha mpira uliojaa upepo, anatafuta mapovu. Hakukuwa na povu hata moja.

“Shambreri ndogo hivi ni ya kinga gani?” aliuliza, akidhani ni mpira wa ndani ya tairi.

Ndagijimana akaufunika mpira kwa kiganja. “Ya... ya gurudumu moja, katekista. Wazungu wameleta mupya.”

Védaste akaondoka taratibu, akijiuliza Mzungu anakaa wapi juu ya kitu kama kile.

Fundi naye akazidi kuvimba. Kila alipoonja kasiksi, ile pombe ya ndizi, alijipiga kifua: “Miye njo naamua mutoto azaliwe ao asizaliwe!”

Kisha Mukakalisa akaanza kutapika.

“Papa Hitimana, niko na mimba.”

Kichwa cha fundi kiliwaka moto. Kama kiraka hakivuji, na kiraka cha Ndagijimana hakivuji, basi huyu mtoto kapitia mlango wa mwanamume mwingine! Hakula. Hakufanya kazi. Wivu ulimkwaruza kifua kama ule msasa wake. Mwishowe akatuma watu Ndosho kumwita baba mkwe, muzee Ntirenganya, aje amchukue binti yake.

Muzee alifika juu ya kinga yake, ambayo fundi alikuwa ameitengeneza juzi tu. Akakalishwa kwenye kigoda.

“Muzee, mutoto wako amenikosea. Ushahidi ninao!” Ndagijimana akauinua mpira.

Mukakalisa hakulia. Aliingia jikoni, akatoka na beseni.

“Pima mbele ya papa wangu.”

Fundi akatia kidole majini. “Mbona maji ya uvuguvugu? Miye napimaga na ya baridi.”

“Unaniuliza kwa nini ya uvuguvugu? Mbele ya papa wangu?”

Muzee akakohoa, akageuka kuutazama mlima Nyiragongo kwa makini sana.

Ndagijimana akaujaza mpira upepo, akauzamisha. Povu! Kiraka cha kwanza kikainuka ukingo. Cha pili kikafuata. Cha tatu kikang’oka kabisa, kikaelea kama jani, na beseni likatokota kama sufuria ya maharage!

Fundi akapiga magoti mbele ya mkewe, pale pale kwenye maji yaliyomwagika.

“Nisamehe, Mama Hitimana. Nilikudhania mubaya.”

“Nimesikia. Inuka, unalowanisha suruali, na miye njo nitafua.”

Muzee Ntirenganya akageuka polepole.

“Nani alibandika hivyo vitu?”

“Miye, muzee.”

“Na gundi gani?”

“Ile ya kinga, muzee.”

“Ile uliweka kwa kinga yangu juzi?”

“Njo ile.”

Muzee hakutukana. Alivaa kofia, akashika usukani, akaanza kuikokota kinga yake akitembea kwa miguu, juu ya yale mawe meusi ya volkano, mpaka Ndosho. Njia nzima watu walimshangaa.

“Muzee! Kinga iko muzima, matairi yamejaa upepo. Kwa nini haupandi?”

“Ilitengenezwa na mukwe wangu.”

“Si fundi wa garanti huyo?”

“Njo huyo,” muzee alijibu bila kusimama. “Kamuulizeni mutoto wangu garanti imefika mwezi wa ngapi.”