Nirudishie Mwavuli, Ngazi Tatu Juu

Jumatatu, 3 Machi

Bango limebandikwa ukutani kando ya duka la dawa. Nimelipima kwa rula ya mume wangu. Jina la Mkia: milimita tisini. Jina langu: milimita nne. Yaani yeye ni mimi mara ishirini na mbili na nusu! Mwenye duka alitoka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, miaka thelathini.

Huyu Mkia nimemfundisha mimi kuvuta pumzi. Alikuja kwangu akiimba kama mtu anayeita teksi. Miaka kumi na mmoja alisimama hatua mbili nyuma yangu, kazi yake kudaka neno la mwisho la kila mstari na kulirudia. Mimi: nirudishie mwavuli. Yeye: mwavuliii. Ndivyo jina lilivyomganda. Leo mkia una bango, na mwili uliouotesha umeandikwa kwa herufi za chupa ya dawa ya kikohozi.

Nyumbani nikakuta barua ya meneja wa ukumbi. Jumamosi, saa kumi alasiri, tamasha la Mkia, naombwa "kushiriki" katika wimbo mmoja. Wimbo gani? "Nirudishie Mwavuli". WIMBO WANGU! Niliutunga kwa ajili ya mpiga besi aliyeondoka na mwavuli wangu mpya siku ya mvua, hata kwaheri hakusema. Dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Kibaya zaidi, watarekodi. Kanda yangu ya kwanza, na ya pekee, ililowa pamoja na nakala zake zote paa la ghala la kampuni lilipovuja. (Ndiyo, mvua. Kila nikisimulia watu hucheka. Mimi bado sijacheka.) Kwa hiyo kitakachorekodiwa Jumamosi ndicho kitakachobaki duniani. Sauti ya Mkia itabaki. Mimi nitadaka mikia nyuma yake, ndiyo maana ya "kushiriki". Nakijua Kiswahili changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ukumbini kudai milimita zangu. Meneja ni kijana mwenye viatu vyenye ncha. Aliniita "mama yetu" mara sita ndani ya dakika nne. Anayekuita mama yetu mara sita hana mpango wa kukupa chochote.

Akasema shida si jina, shida ni chini ya jina. Watu waambiwe mimi ni mwimbaji wa nini? Nikamwambia soul. Akasema lakini kuna rumba ndani yake. Nikasema ndiyo. Akasema na ile katikati ni kama kwaya. Nikasema ndiyo, sasa tatizo liko wapi? Akakuna kichwa. Akasema bango halina nafasi.

Bango halina nafasi! Nimeyasikia hayo tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Kwaya ilinitoa kwa kukunja sauti mahali ambapo haikuandikwa ikunjwe. Nikaenda bendi ya rumba, kiongozi akalalamika kwamba nawaliza watu wakati wamekuja kucheza. Watu wa soul wakaniambia nawachezesha wakati wamekuja kulia. Duka kubwa la muziki liliweka kanda yangu kwenye rafu ya "Nyinginezo", kati ya sauti za ndege na mazoezi ya kupunguza tumbo. Nilishona gauni zangu mwenyewe. Nilibeba spika zangu mwenyewe, ghorofa tatu, bila lifti. Leo Mkia anachanganya vilevile vitatu, kwa mpangilio uleule, na magazeti yanaandika: mtindo mpya.

Nimetoka bila milimita hata moja. Nimechukua kalamu ya meneja, si kwa wizi. Kwa kanuni.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nimemtuma mume wangu kwenye foleni ya tiketi. Yeye ni fundi saa, mtu wa kuaminika, uso wake haujui uongo. Kazi yake ilikuwa ndogo: aulize kwa sauti kubwa kama MIMI nitaimba, na akiambiwa ni wimbo mmoja tu, aseme basi hanunui, aondoke kwa hasira. Nilikadiria angeondoka na watu kumi na watano nyuma yake.

Amerudi baada ya saa mbili na robo. Ameuliza kwa sauti ya mtu aliye hospitali. Kisha amenunua tiketi. Safu ya tatu! Nikamuuliza hasira iko wapi. Akasema alijaribu, lakini mwanamke wa dirishani alikuwa mpole sana, halafu saa yake ilikuwa imesimama, ikabidi aifungue.

Si hayo tu. Amekutana na Mkia mlangoni, wakaongea! Ati Mkia amemwambia jambo kuhusu Jumamosi, jambo zuri, bibie utafurahi. Nilimkata hapohapo. Nikamwambia jina la huyo mwanamke lisitajwe tena ndani ya nyumba hii, wala habari zake, wala habari zinazofanana na zake, mpaka nitakapotoa ruhusa. Akauliza hata kama ni za muhimu? Nikasema hasa zikiwa za muhimu. Akasema haya, mke wangu, akachukua kioo chake cha jicho moja akarudi kwenye saa zake.

Nampendea hilo. Ukimwambia kitu, anasikia.

Ijumaa, 7 Machi

Ujumbe wa tatu kutoka kwa Mkia. Wa kwanza: Dada, mazoezi ni Ijumaa saa nane. Wa pili: Dada, tafadhali usikose, kuna jambo nataka nikwambie ana kwa ana. Wa tatu: Dada???

Sijajibu. Kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Anataka nikasimame hatua mbili nyuma yake mbele ya wapiga vyombo, wanione nikijifunza mkia wa wimbo niliouzaa. Sifanyi mazoezi ya wimbo wangu. Naujua kuliko ninavyojua namba ya simu yangu.

Badala yake nimefanya mazoezi bafuni. Ule mstari wa juu, "mvua hainiulizi", nimeujaribu mara tisa. Nimeufikia mara nne. Asilimia arobaini na nne. Kwa mwanamke wa miaka hamsini na nane si haba. Na hata hivyo mstari huo Jumamosi si wangu, ni wa Mkia. Mikia yote iko chini. Mikia naifikia asilimia mia.

Mume wangu amepita mlangoni mara mbili, akafungua mdomo, akaufunga. Nimemuuliza vipi. Akasema hana ruhusa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika viatu vikiwa bado mguuni. Nikivivua nitalia, na sitaki.

Nilifika ukumbini saa nane na nusu, kabla ya kila mtu isipokuwa mfagiaji. Jukwaani palikuwa na kinanda kikubwa cha bendi, na kando yake kingine kidogo, kimebandikwa karatasi: MWAVULI TU. Nikaelewa. Wimbo wangu utaimbwa kwa kinanda peke yake, bila ngoma, bila gitaa. Mpiga kinanda tunamwita Vidole. Kinanda chake hicho kina kitufe kinachoshusha au kupandisha wimbo mzima, vidole vikibaki palepale. Kwenye kioo hutokea namba. Sifuri ndipo nilipoutungia.

Namba ilikuwa tatu chini.

Nilicheka peke yangu mpaka mfagiaji akageuka. Kumbe! Milimita tisini, na sauti imeshuka ngazi tatu! Hafiki kwenye mstari wangu, ameuteremsha kama kamba ya nguo. Mtu mwingine angerudisha sifuri akaondoka. Mimi nikafikiria kanda. Nikafikiria ghala. Nikafikiria teksi. Nikabonyeza mara sita. Tatu juu! Aupande sasa, na dunia irekodi.

Ukumbi una viti mia sita na arobaini. Vitupu nilihesabu kumi na viwili, na mume wangu safu ya tatu na koti la harusi. Mkia aliimba nyimbo tisa. Vizuri, nakiri, kwa sababu pumzi ni yangu. Kisha akaniita. Dada Mkubwa, aliniita, na watu wakasimama. Nikaenda moja kwa moja pale nyuma, mahali pa mwitikiaji, nikiwa nimenuna.

Hapo ndipo alipofanya lile jambo. Alikuja mpaka nilipo, akanishika kiwiko, akanipeleka mbele kwenye maikrofoni kubwa. Akawaambia watu kwamba wimbo huu una mwenyewe, na kwamba yeye leo anarudi kwenye kazi yake ya zamani. Akarudi nyuma. Hatua moja. Hatua mbili. Akasimama pale nilipokuwa nimesimama, mikono nyuma, kama zamani.

Nikatazama kinanda. Nikajaribu kumwonyesha Vidole kwa macho. Vidole haangalii vitufe, anaangalia watu. Akanitabasamia. Akapiga.

Aliruka kama ameguswa na waya. Lakini kanda ilikuwa inazunguka, na mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi.

Mistari miwili ya kwanza niliipita kwa kucha. Wa tatu nikaupita kwa kiburi. Kwenye "mvua hainiulizi" sauti ilipanda, ikafika mahali, ikapasuka kama sahani. Nikarudia. Ikapasuka tena, mahali palepale. Watu mia sita na ishirini na wanane, na hakuna aliyekohoa hata mmoja. Nyuma yangu Mkia akadaka neno la mwisho, hukohuko juu, safi kabisa, akalishika mpaka nikapata pumzi. Akafanya hivyo kila mstari hadi mwisho. Dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Wakapiga makofi. Makofi yale ya kumpigia mtoto aliyeanguka akiwa amebeba sinia.

Jumapili, 9 Machi

Nimempa mume wangu ruhusa. Akasema Mkia alimwambia Jumatano kwamba mimi ndiye nitakayeimba wimbo wote, ili sauti itakayobaki iwe yangu. Na kwamba ameushusha ngazi tatu kwa ajili yangu, maana alinisikia mazishini mwaka jana nikihangaika na sauti za juu, naye hataki nihangaike mbele ya watu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia! Akasema nilimkataza, hasa zikiwa za muhimu. Akaendelea kukaza skrubu.

Saa tano Mkia akaja. Amekaa kwenye kiti cha mteja, mkoba mapajani, hajagusa chai. Hakuuliza nani aliyebonyeza. Hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mwenye adabu angeuliza, nami ningekana.

Alisema tu kwamba fundi wa sauti amekubali kurudi na mitambo Jumamosi ijayo saa tisa, mara moja tu, kwa sababu Jumatatu yake ukumbi unabomolewa jukwaa na yeye anasafiri. Ukumbi mtupu. Mimi, yeye na Vidole. Kanda ya jana itafutwa. Akasema, Dada, nataka watoto wangu wakusikie wewe, si mimi nikijifanya wewe. Akasema pia, polepole, akitazama sakafu: safari hii tuiache pale chini, Dada. Tafadhali.

Mume wangu akasimamisha kazi. Saa zote zikasikika. Nikasema sawa.

Alipofika mlangoni nikamwambia mkia wake wa mstari wa tano ulichelewa kidogo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ndiyo Dada, nitarekebisha.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika ukumbini, nimekaa pembeni ya jukwaa. Saa nane na dakika arobaini na mbili. Fundi wa sauti anakunywa soda nje. Mkia na Vidole wako njiani. Mume wangu amenileta, akanishika mkono, akasema neno moja tu: bibie. Kisha akaenda kutazama saa ya ukutani, ati inachelewa dakika tatu.

Wiki nzima nimefikiri kwa utulivu. Nimepiga hesabu. Mkia ni mtu mwema, hilo nimelikubali. Lakini mtu mwema naye anaweza kukosea ngazi. Tatu chini! Tatu chini ni sauti ya mwanamke anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Hicho ndicho kibaki duniani? Watoto wake waseme huyu ndiye aliyemfundisha mama, huyu anayenong'ona? Tena leo asubuhi bafuni, kwenye sifuri, nimefikia mara tano kati ya tisa. Asilimia hamsini na tano na kitu! Na napanda. Nikiendelea na mwendo huu, kufika saa tisa nitakuwa na sita.

Nimekwenda kukitazama kinanda. Kutazama tu. Namba iko tatu chini, kama tulivyokubaliana. Ila Vidole alipokileta jana alibandika plasta juu ya kitufe. Plasta ya kidonda, mara tatu, kwa msalaba, na juu yake ameandika: DADA, HAPANA.

Wananionaje hawa watu? Mimi mtu mzima! Sijaguswa na dharau kama hii tangu rafu ya "Nyinginezo".

Saa nane na dakika arobaini na nane. Plasta imeshikilia vizuri, lakini kona moja imeinuka. Jana nilikata kucha zote, isipokuwa ya kidole gumba.