Malalamiko Kuhusu Benchi la Jumatano

Masuguru, Korogwe.

Kwa Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya.

YAH: KUANDIKIWA DAWA YA KIFAFA WAKATI NAUMWA SHAVU

Ndugu Mganga,

Kichwa cha habari umeshakisoma. Sasa nisikilize mimi mwenye kichwa chenyewe. Naandika kwa heshima, kwa kuwa nimelelewa, ingawa shavu linanishauri vingine.

1. Mwaka wa pili huu naumwa upande wa kulia wa uso. Maumivu yanapiga kama shoti ya umeme, yanaachia, yanarudi. Upepo ukinigusa, yapo. Nikitafuna, yapo. Nikifunga ushungi, yapo. Jirani yangu Dorkasi alisema ni kipandauso, akanibandika majani. Wenzako wa meno wakasema ni jino, wakang'oa magego mawili. Magego yakaenda, maumivu yakabaki. Sidai kurudishiwa, ila ningependa kujua yalikosa nini, maana hayakuwa hata na tundu.

2. Ndipo ukaja wewe, kijana msomi. Ukanieleza kwamba kuna kichwa cha uchovu kinachobana pande zote, kuna kipandauso kinachochukia mwanga na kutapisha, na kuna hiki changu cha mshipa wa fahamu wa uso. Nikakushukuru sana, kumbe nilifanya haraka. Kwenye dirisha la dawa nikatangaziwa, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, kwamba dawa yangu ni ile ya kifafa. Ulisema kidonge hichohicho hutuliza na mshipa wa uso. Sawa. Na watu wa Masuguru utawaeleza lini, mmoja mmoja au kwa spika ya msikitini?

3. Dawa hiyo hutolewa Jumatano tu, na wanaoisubiri hukaa kwenye benchi moja linalotazama barabara. Kila mpita njia analijua kuwa ni benchi la kifafa. Nilikaa pale mara moja. Nilipofika nyumbani nilimkuta Dorkasi mlangoni, amekuja kunipa pole.

4. Hapa sasa ndipo penye roho yangu. Binti yangu Ikram ameposwa na Awadhi, kijana mkulima wa Mazingara, mtulivu, mwenye adabu zake. Ndoa ni mwezi ujao. Wazee wake wakisikia mama mtu ana kifafa, watasema kimo kwenye damu, na posa itarudi ilikotoka. Kwa hiyo vidonge vyako nimevifukia kwenye pipa la mahindi, na mimi nakunywa uji huku nalia.

5. Naomba, basi, kidonge kibadilishwe jina. Ikishindikana, wenye kifafa wahamishiwe kwingine, hata Handeni huko, tusichanganywe nao. Na benchi ling'olewe. Mmeshang'oa visivyo na kosa. Hili lina kosa.

Nasubiri majibu kabla ya harusi. Wasalimie manesi wote, na yule wa dirishani msalimie kwa sauti ya chini.

Ni mimi mwenye shavu,
Mwantumu Hiza

Tanbihi: Barua hii nimeileta mwenyewe leo Jumatano. Nimeambiwa nikae nisubiri, na pa kukaa ni palepale. Nikajifunika ushungi mpaka machoni. Kijana wa mwisho kwenye benchi akainuka kunipisha, akaniamkia. Alikuwa Awadhi. Akanieleza kuwa kila mwezi huja Korogwe kuchukua dawa yake ili watu wa Mazingara wasimwone, na huu ni mwaka wa sita hajaanguka. Ikram anajua tangu mwanzo. Aliyefichwa ni mimi, na kwa barua hii naona walikuwa na sababu. Akaniuliza polepole, "Na wewe, mama?" Nilitaka kusema nimeleta barua tu. Nikasema, "Na mimi, mwanangu."

Namba tano ifute yote. Harusi ipo palepale. Benchi liacheni, ila liongezeni ubao mmoja, tumebanana. Naishia hapa kwa sababu dirishani tumeitwa, kwa sauti ileile ya kuitia ng'ombe, na tumeitika wote wawili.