Birika la Udhu na Difu ya Lori

Kang'ata, Jumatatu, 1 Julai 1974
Kanzu yangu bado iko Korogwe kwa Mwanaidi, fundi cherehani, mjane. Alinipima mabega wakati wa masika, akasema nirudi kujaribu kabla hajakunja pindo. Bado nausikia utepe shingoni. Siku hiyo nitatamka neno la ndoa. Lakini nikipanda basi, kijiji kizima kitauliza namfuata nani. Lori la kijiji likienda gereji Korogwe, mjumbe wa usafiri huandamana nalo. Mjumbe ni mimi! Nimeishauri kamati oili ya difu, lile tumbo la gia kwenye ekseli ya nyuma, ibadilishwe gereji kila mwezi. Dereva Mhina akacheka hadharani. Akasema, Mzee Mdoe, difu si mtoto wa kuogeshwa. Oili yake hukaa mwaka, labda iingie maji. Kamati ikamsikiliza yeye. Mtu ambaye shati lake halina kifungo hata kimoja!

Jumatano, 3 Julai
Nimemuuliza Mhina, kama mtafuta elimu tu, maji huingiaje. Akasema gari likizama mtoni. Oili hugeuka nyeupe kama maziwa, na hapo hakuna kungoja. Mto umekauka. Birika langu la udhu halijakauka.

Alhamisi, 4 Julai
Nimelala chini ya lori, kwa heshima zote. Nati ngumu mno. Mfugaji Saning'o akapita na ng'ombe wake, akaniamkia, akauliza nakamua nini. Nimejibu: ukaguzi.

Jumamosi, 6 Julai
Mhina amefungua difu, kwa ombi langu. Maziwa matupu! Nimeshika kichwa kwa huzuni, moyo ukicheza. Nimeoga. Nimevaa koti. Ndipo Mhina akasema lori lenye maji kwenye difu halisogei hata kidogo, meno yatasagika. Akapanda basi kufuata oili Korogwe. Peke yake! Nimesimama na koti langu, nikitazama vumbi la basi mpaka likatua.

Jumanne, 9 Julai
Mhina amerudi na oili. Shati lake lina vifungo vyote. Amevifunga! Ameleta na kanzu yangu, tayari. Akasema Mwanaidi amekunja pindo kwa kumpima yeye, maana mabega yetu yanalingana. Na salamu ametuma: shikamoo, mzee.

Shikamoo!

Nimeijaribu. Imenikaa barabara. Harufu ya duka lake bado imo.

Nimelifumua pindo lote. Kanzu ya namna hii haivaliki. Ni lazima nipimwe upya. Mhina anasema difu sasa itatulia mwaka mzima. Vema. Nimemuuliza, kama mtafuta elimu tu, nati ya giaboksi iko upande gani.

Birika nimelijaza.